Chuma Kilichofungiwa Ndama

Kila ninapohamia chumba kipya, na nimehamia vingi, sitandiki godoro kabla sijatafuta kisanduku cha stima. Nafungua kifuniko na kuangalia kama kuna swichi moja pana kuliko wenzake, yenye kitufe kidogo kilichoandikwa herufi T. Mara nyingi haipo. Mwenye nyumba mmoja wa Migori aliwahi kunikuta nimepanda kiti, akauliza kama natafuta pa kuunganisha stima ya wizi. Swichi hiyo ikiwapo, naibonyeza. Swichi inaanguka, tap, taa zinazimika, na jirani anauliza kwa sauti nani amemzimia redio. Naiinua tena. Kisha natoa balbu ndogo begini, kwa sababu kitufe peke yake hakitoshi. Hilo nililijua nikiwa na miaka ishirini na mitano, siku niliyokaribia kumuua mtu kwa bisibisi, nikiwa nimeitwa na wenye nyumba na nikiwa na nia njema kabisa.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kushindwa kutulia mahali popote. Nilikaa Isebania miezi kadhaa, nikaenda Sindo, nikarudi Migori, nikashuka Homa Bay. Kila mahali nilipenda wiki ya kwanza, na wiki ya nne nilianza kuangalia magari yanaelekea wapi. Kilichoniwezesha kutangatanga bila kulala njaa ni kazi ya kufunga stima kwenye nyumba. Kazi hiyo niliifanya na mwenzangu mmoja, Mkuria wa Isebania, rika langu. Tulikuwa na begi moja la vifaa, na tulibishana juu ya kila kitu kilichokuwa ndani yake.

Tulitofautiana kama maji na mafuta. Mimi nilikuwa mwepesi. Nilitoboa ukuta, nikavuta waya, nikawasha taa, nikapokea shukrani. Yeye alikuwa mzito. Akimaliza kazi alianza upya, akigusa kila skrubu kana kwamba hakuifunga yeye. Alikuwa na sababu. Kaka yake alishika mlango wa bati wa kinu cha posho siku ya mvua, mlango ambao waya uliochubuka ulikuwa umeugusa kwa nyuma, na hakuuachia mpaka mtu alipokimbia kuzima swichi kubwa. Alikuwa amechelewa. Tangu hapo mwenzangu hakukubali kufunga nyumba yoyote bila tripu. Ndivyo mafundi wa kwetu tulivyokiita kifaa kile chenye kitufe cha T. Nyumba nyingi hazikuwa nacho, na yeye aliagiza vyake Nairobi kupitia dereva wa lori.

Watu walipomuuliza kinafanya nini, alikuwa na maelezo yake, na siwezi kuyaboresha hata leo.

"Stima ni kama ng'ombe," angesema. "Asubuhi wanatoka langoni, jioni wanarudi langoni. Hii swichi imekaa langoni inahesabu. Waliotoka wakirudi wote, inanyamaza. Akipungua hata mmoja, haiulizi ameenda wapi. Inafunga lango hapo hapo."

"Na huyo aliyepungua yuko wapi?"

"Amepitia mahali si pake akaingia ardhini. Pengine amepitia kwa ukuta uliolowa. Pengine amepitia kwa mtu."

Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi hata nikaacha kumsikiliza.

Nyumba ninayotaka kuizungumzia ilikuwa upande wa Rangwe, si mbali na barabara inayokwenda Asumbi. Laini ya stima ilikuwa imepita karibu, na waliokuwa kando ya barabara wakaanza kuivuta majumbani. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, na kijiji kizima kilimwita Mwalimu, hata wale wasiowahi kukaa mbele ya ubao wake. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na alijidunga sindano mwenyewe kila siku. Dawa yake ilihitaji baridi. Kabla ya stima, aliiweka kwenye mtungi wa udongo uliojazwa mchanga na maji nusu: chupa ndogo ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya kopo, kopo ndani ya mtungi. Kiangazi kikizidi, alikuwa akiamka na kumwagia mtungi maji kama mtu anayemwogesha mgonjwa.

Ndiyo maana alivuta stima. Alituambia hivyo siku ya kwanza, bila kuzunguka.

"Taa nimeishi bila. Redio inatumia mawe ya betri. Mimi nataka friji tu, vijana wangu, na hiyo friji isilale hata siku moja."

Friji ilikuwa imetoka Homa Bay, ya mkono wa pili, imelazwa kwenye pikapu kati ya magunia ya omena, dagaa wa ziwani. Miezi sita baadaye bado ilinuka omena ukiifungua.

Tulifunga nyumba ile kwa siku nne. Siku ya mwisho ilibaki kazi ya chuma cha ardhi. Ni ufito wa shaba, mrefu kama mtoto wa miaka saba, unaopigiliwa nje ya nyumba na kuunganishwa na waya wa kijani unaotoka ndani. Waya huo hushika maganda yote ya chuma: friji, pasi, jiko la stima. Ganda likiguswa na stima iliyotoroka, stima inapitia kwenye waya kwenda ardhini, tripu inaona upungufu na kukata kabla mtu hajagusa chochote.

Kilikuwa kiangazi. Nilipiga chuma mbele ya nyumba, kikagonga mwamba. Nikapiga kushoto, kikapinda. Nikaenda upande wa kulia, na hapo kikaingia kama kidole kwenye ugali wa moto. Udongo ulikuwa laini kwa sababu ulikuwa umewahi kuchimbwa. Hatua chache kutoka hapo lilikuwa kaburi la marehemu mume wa Mwalimu, limejengewa saruji vizuri, na jina lake limechorwa kwa mkono. Mwenzangu alisimama akaangalia kaburi, akaniangalia mimi.

"Hapa?"

"Nimehesabu hatua tatu kutoka saruji."

"Umemuuliza Mwalimu?"

"Mwalimu ni mtu wa kanisa. Ametuona na hajasema kitu."

Ni kweli alituona. Alisimama mlangoni ameshika kikombe, akaangalia nyundo inavyopanda na kushuka, kisha akaingia ndani. Nilichukua kimya chake kuwa ruhusa. Nimezaliwa na kulelewa kwetu, na nilipaswa kujua tofauti.

Kabla ya kuondoka nilimwonyesha kitufe. "Kila mwezi bonyeza hapa, Mwalimu. Ikianguka, uko salama. Huna haja ya kutuita."

Alichukua daftari akaandika, akirudia maneno yangu polepole kama anayewasomea darasa imla. "Kila mwezi. Bonyeza. Ikianguka, niko salama." Akauliza, "Hiki kifaa kinaitwaje?" Mwenzangu akaanza habari ya ng'ombe. Shemeji yake Mwalimu, mdogo wa marehemu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini akinoa jembe, alimkatiza.

"Mkuria akianza kuhesabu ng'ombe zetu, yawa, mimi hushika fimbo."

"Mzee, ndiyo maana tunajua kuhesabu," mwenzangu alijibu. "Tumefanya mazoezi miaka mingi."

Walicheka wote wawili, maana utani wa wizi wa ng'ombe kati ya Wajaluo na Wakuria ni wa zamani. Mwalimu akasema yeye atakiita askari, basi. Tukaondoka.

Huyo shemeji ni lazima nimweleze. Alikuwa na miaka kama sitini, mwembamba, na aliishi boma la pili. Asubuhi alilima shamba la Mwalimu pamoja na lake, miguu mitupu, maana alisema udongo hauwezi kusikia mtu aliyevaa viatu. Alikuwa mtu wa heshima. Hakuingia chumba cha ndani cha shemeji yake bila kukohoa kwanza, na chakula alingoja aletewe. Kwetu, mwanamume anayefunua vyungu vya watu jikoni kujionea kilichopikwa anatungiwa utani ambao hata wajukuu zake hawataukwepa. Aliishi kwa sheria hiyo, na alitarajia wengine waishi nayo.

Miezi sita hivi baadaye nilikuwa Sindo nikifunga taa kwenye duka moja karibu na ufuo. Mchuuzi wa omena akaniletea barua. Niliujua mwandiko kabla ya kuifungua, herufi zimesimama wima kama watoto wa gwaride.

"Vijana wangu, njooni mtoe askari wenu. Anakata stima nikiwa kanisani au sokoni. Nikirudi nakuta friji ina joto, na dawa zangu zimeharibika mara mbili. Kitufe nakibonyeza kila mwezi na kinaanguka vizuri, nimeweka alama ya vema kwenye daftari, kwa hiyo si kibovu. Ni kisumbufu tu. Sasa nimerudisha dawa kwenye mtungi. Shemeji anasema majirani wasio na askari hawana taabu yoyote."

Nilimtumia mwenzangu ujumbe kwa makanga wa basi, tukakutana Rongo, tukaenda pamoja. Njiani nilimwambia ni kazi ya dakika tano. Tungeunganisha waya zipite kando ya tripu, na mama wa watu apate baridi yake. Mwenzangu alikuwa akitafuna muwa.

Mwalimu alitupokea kwa uji. Alikuwa amepungua. Mtungi ulikuwa umerudi pembeni mwa sebule, umefunikwa kwa kitambaa, na sakafu ya saruji kuuzunguka ilikuwa na unyevu. Friji ilisimama jikoni ikinguruma. Mbele yake palikuwa na jozi ya malapa ya plastiki.

"Za nini hizi?" mwenzangu aliuliza.

"Za friji. Inauma kidogo ukiigusa miguu mitupu. Friji ya jirani pia inauma. Mafundi wa sokoni wanasema ndivyo zilivyo za mkono wa pili."

Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye kisanduku. Nikabonyeza kitufe. Tap. Nikainua, nikabonyeza tena. Tap. Ilikuwa inaanguka vizuri kuliko siku tuliyoifunga, na niliona fahari.

"Unaona, Mwalimu? Kifaa ni kizima. Ni vile tu ni chepesi. Vingine huwa hivyo."

Shemeji alikuwa amefika kutoka shambani, akanawa mikono na miguu kwenye karai la mlangoni, akasimama ukumbini akichungulia. "Kitoe tu, omera, ndugu yangu. Nyumba ya kaka yangu haiwezi kuwa na swichi inayojiamulia. Mwenye nyumba ni Mwalimu. Akitaka stima, iwake."

"Nakitoa sasa hivi, mzee."

Nikazima swichi kubwa na kulegeza skrubu ya kwanza. Nakumbuka jasho lililonishuka kwenye pua, na mkono wangu ulivyokuwa na haraka. Skrubu ya kwanza ilikuwa kiganjani mwangu, nimeanza ya pili, mwenzangu alipoweka kikombe chake chini.

"Ngoja. Umeuliza kwa nini inaanguka?"

"Nimekwambia ni nyepesi."

"Au kuna ng'ombe anapotea."

"Omera, mwache fundi afanye kazi," shemeji alisema. "Mambo ya ng'ombe tumeshasikia."

Mwenzangu alinyoosha mkono nikamrudishia skrubu, na sijui kwa nini nilimrudishia. Akafunga tena zote mbili, akainua swichi kubwa na tripu. Kisha akatoa begini balbu ndogo ya wati kumi na tano. Alikuwa ameiunganisha kwenye plagi kwa namna isiyo ya kawaida: mguu mmoja kwenye moto, yaani pini inayoleta stima, mwingine kwenye pini ya ardhi. Nilikuwa nikimcheka kwa kubeba kitu hicho.

"Kitufe kinamuuliza askari kama yuko macho," alimwambia Mwalimu. "Kinaiba stima kidogo ndani ya kifaa chenyewe, askari anaona, anakata. Lakini hakitoki nje ya kifaa. Hakiwezi kukuambia kama njia ya ardhini ipo. Hii balbu inapita njia yenyewe. Ikiwa kila kitu kiko sawa, nikiichomeka tu swichi itaanguka, hata mwanga hamtauona."

Akaichomeka kwenye soketi ya sebuleni.

Balbu haikuwaka. Swichi haikuanguka. Tulisimama tukisikiliza friji.

"Ardhi haipo," mwenzangu alisema.

Nikasema haiwezekani, niliipiga mwenyewe. Tukatoka nje, upande wa kulia wa nyumba. Waya wa kijani ulikuwa umekatwa karibu na ukuta, ncha yake imekunjwa kwa adabu na kupakwa udongo. Pale nilipopigilia chuma palikuwa pamefukiwa na kufagiwa. Hata jani halikuwapo.

Nilimgeukia Mwalimu. Aliangalia miguu yake. Shemeji ndiye aliyesema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Mlimpigilia kaka yangu chuma kando ya kichwa."

"Zilikuwa hatua tatu, mzee."

"Kichwa cha mtu hakipimwi kwa hatua. Ungeuliza."

"Na wewe Mwalimu, mbona hukutuambia?"

"Mlikuwa mmetoka mbali," Mwalimu alisema. "Mmepiga nyundo juani tangu asubuhi. Ningewaambia nini? Nilingoja mwondoke. Halafu nikabonyeza kitufe, kikaanguka. Wewe ulisema kikianguka niko salama. Nimeandika."

Alikuwa ameandika kweli. Hakuna neno lililoniumiza zaidi ya hilo, kwa sababu lilikuwa langu, na alikuwa amelitunza vizuri kuliko mimi.

"Chuma chenyewe kiko wapi?" mwenzangu aliuliza.

Shemeji alishangaa. "Kipo ardhini. Si mlisema lazima kikae ardhini? Nimekipiga mimi mwenyewe, na kimeingia kuliko nyinyi mlivyokiingiza."

Akatuongoza hadi nyuma ya zizi. Ufito wetu wa shaba ulikuwa umesimama wima chini ya mpera, umefungwa kamba, na mwisho wa kamba alikuwapo ndama wa kahawia akitafuna majani bila wasiwasi wowote. Waya haukuwapo popote karibu. Nilishindwa kujizuia, nikacheka mpaka nikakaa chini. Shemeji naye akaanza kucheka, ingawa sidhani alijua ni nini kilichonichekesha.

"Huyu ndama hajawahi kung'oa," alisema kwa fahari. "Chuma kizuri."

Mwenzangu peke yake hakucheka. Alirudi jikoni, na tulipomfuata tulimkuta ameweka ncha ya bisibisi yake ya taa kwenye ganda la friji. Ile taa ndogo ndani ya mpini ilikuwa inawaka.

"Ganda lina moto," alisema. "Mwalimu, wewe unafungua na malapa kila siku?"

"Kila siku. Hata nikiwa na haraka."

"Na askari hajawahi kukata ukiwa umeshika friji?"

Alifikiri. "Hapana. Hata iliponiuma, kabla ya malapa, miguu ikiwa mikavu, hakukata. Hukata nikiwa sipo. Narudi nakuta imekata."

"Saa ngapi?"

"Mchana. Jumapili nikiwa kanisani. Siku za soko."

"Hii swichi haianguki bure. Kila ilipoanguka, kuna mtu aliyeshika friji miguu mitupu iliyolowa na stima ikapitia kwake. Nani mwingine hufungua hii friji?"

"Hakuna. Naishi peke yangu."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, na bila kukusudia nikaangalia chini. Kutoka kwenye karai la kunawia hadi ndani ya jikoni sakafu ilikuwa na alama hafifu za nyayo zilizokauka, nyayo pana, za mtu ambaye hajawahi kubanwa na kiatu. Zilisimama mbele ya friji. Si mimi peke yangu niliyeziona. Shemeji alikohoa, kama alivyokohoa kila mara kabla ya kuingia.

"Iliniuma mara moja tu," alisema.

"Mara moja?" Mwalimu aliuliza.

"Mbili."

"Shemeji."

"Tatu. Au nne. Jua la shambani, Mwalimu, na wewe hauko wa kunipa maji. Nilifungua nikanywa kidogo. Inanipiga kwenye mkono, twaa, halafu inanyamaza yenyewe. Nilidhani imekasirika kwa sababu si yangu."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Kwamba nimefungua friji ya mke wa kaka yangu kama panya?"

Mwalimu alimgeukia. "Kumbe ndivyo chupa zangu za maji zinavyopungua," alisema. "Nilifikiri nasahau. Nilifikiri ni ugonjwa umeanza kunila akili."

Alicheka, sote tukacheka, lakini mimi kicheko kilinikatikia katikati. Nilikuwa nimeona kitu ambacho wao hawakuwa wamekiona bado. Mzee yule alikuwa amenawa miguu dakika ishirini zilizopita. Ilikuwa saa saba. Kama mwenzangu angekuwa amekunywa uji wake taratibu zaidi, ningekuwa nimemaliza kazi yangu ya dakika tano, nimepewa asante, tumepanda gari kurudi. Na siku iliyofuata ya soko, mzee angetoka shambani na kiu, akanawa kwa adabu, akakohoa, akashika mpini wa friji kwa mkono uliolowa. Ingempiga twaa. Na safari hii isingenyamaza yenyewe. Kile alichotaka kitolewe ndicho kilichomtoa mikononi mwa mauti mara nne, na mimi nilikuwa nimeshika skrubu yake.

Mwenzangu alimweleza, kwa upole, bila ng'ombe. "Mzee, stima ikitoroka lazima ipate njia ya kwenda ardhini. Tukiinyima waya, inatumia mtu. Wewe ndiye umekuwa chuma cha ardhi cha nyumba hii."

Shemeji alikaa kwenye kigoda. Aliangalia mkono wake wa kulia, akaugeuza, akaangalia upande wa pili.

"Basi kile chuma," alisema, "hakiwezi kukaa pale kwa kaka."

"Hakitakaa pale. Tuonyeshe wewe mahali."

Alitupeleka nyuma ya bafu, kwenye migomba, ambako maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo yalimwagika kila siku. Udongo ulikuwa mweusi na laini, na hakuna mtu aliyezikwa hapo. Ndama alihamishiwa kwenye kigingi cha mti. Nilichimba shimo kwanza, tukatia mkaa na chumvi ili udongo ushike unyevu, maana mkavu haupitishi stima vizuri, shemeji akachukua nyundo mikononi mwangu akapigilia ufito mwenyewe mpaka ukabaki shubiri moja. Tukavuta waya mpya, tukaukaza. Mwenzangu akachomoa friji, akachomeka balbu yake. Tap. Hatukuona hata cheche ya mwanga.

Kisha akainua swichi, akachomeka friji. Tap. Akainua swichi, ikaanguka tena.

"Mnaona!" Mwalimu alisema. "Sasa ndiyo mmeiharibu kabisa."

"Hapana, Mwalimu. Sasa ndiyo inasema kweli. Zamani ilikuwa inangoja mtu aguse ndipo iseme."

Tuliigeuza friji. Nyuma, karibu na mota, waya mmoja ulikuwa umesuguana na ukingo wa bati, huenda tangu safari yake kati ya magunia ya omena, mpaka ganda lake likaisha upande mmoja. Tuliufunga upya, tukakata kipande cha tyubu ya baiskeli tukakiweka kati ya waya na bati. Mwenzangu akachomeka. Akainua swichi, ikakaa. Bisibisi ya taa haikuwaka popote kwenye ganda. Friji ikaanza kunguruma, na tukasubiri.

Chupa za dawa zilikuwa bado kwenye mtungi. Mwalimu alisimama katikati, mtungi upande huu, friji upande ule, malapa miguuni.

"Ulisema niko salama," aliniambia. "Na sikuwa."

"Sikujua, Mwalimu."

"Najua hukujua. Sasa vua viatu."

Nilivua. Akachota maji kwenye karai kwa kata akanimwagia mikono, kama mtu anayeninawisha kwa chakula, na mengine yakanidondokea miguuni. Nilikuwa nimeipima friji ile mwenyewe dakika mbili zilizopita, nikaona kwa macho yangu kwamba haina kitu. Hata hivyo nakiri hatua tatu za kuifikia, sakafu ikiwa baridi na imelowa, zilikuwa ndefu. Tatu tena. Nilishika mpini. Ulikuwa mpini tu. Nikafungua, baridi na harufu ya omena vikanipiga usoni.

Mwalimu akavua malapa. Akafunua mtungi, akatoa kopo, akafungua mfuko wa nailoni, na kuzipanga chupa zake moja moja kwenye rafu ya juu, miguu mitupu, bila haraka. Kisha akatoa chupa ya maji, akamimina kwenye glasi, akaipeleka kwa shemeji yake kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo.

"Kuanzia leo," alisema, "siku za soko nitakuachia hii mezani, imefunikwa. Kunywa mbele ya watu."

Shemeji akapokea. "Ero kamano," alishukuru kwa Kijaluo, na akanywa yote bila kupumzika. Nilipoangalia chini ya kigoda chake, nikaona ameinua miguu yote miwili, ameiegemeza kwenye mti wa katikati ya kigoda, haigusi sakafu.

Mwalimu aliomba tumwachie balbu ile, naye mwenzangu akamwachia. Akamwonyesha namna ya kuitumia, akamwambia aitumie kila kiangazi udongo unapokauka, na Mwalimu akaandika. Mara hii mimi sikusema kitu. Njiani kurudi Rongo nilitengeneza balbu nyingine kwa plagi kuukuu, mikono ikitetemeka kwa mashimo ya barabara, na mwenzangu akaikagua skrubu kwa skrubu. Tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja zaidi, kisha miguu yangu ikaanza tena. Tuligawana begi. Yeye alichukua koleo na nyundo.

Nilipita tena pale kabla muongo ule haujaisha, kiangazi kikali, nikielekea Homa Bay bila sababu ya maana. Mwalimu hakuwepo, ilikuwa siku ya soko. Nilimkuta shemeji nyuma ya bafu, kwenye migomba, amebeba karai la maji ya vyombo. Aliyamwaga polepole kuuzunguka ufito wa shaba, akazunguka upande wa pili, akamwaga yaliyobaki.

"Mwalimu anasema kisikae na kiu," aliniambia.

Akanikaribisha ndani. Mezani palikuwa na chupa ya maji imefunikwa kwa kitambaa, nje imetoa jasho la baridi, na glasi mbili. Tukanywa.